Heshima Inayongoja Jeneza

Sijapata kusikia taifa lisilodai kuwaheshimu wazee wake. Sisi Watanzania twadai hivyo kila mara, katika hotuba, katika nyimbo za shule na katika risala za sikukuu. Na ushahidi wetu mkubwa ni shikamoo. Madai yangu katika makala hii ni kwamba heshima hiyo imehama. Imetoka kwenye kigoda alipokaa mzee, imekwenda kwenye jeneza. Mzee akiwa hai twampa shikamoo na kupita. Akifa twampa kila kitu.

Nachukua mfano wa wilaya mbili za mkoa wa Arusha, Karatu na Ngorongoro, kwa kuwa huko jambo hili laonekana kwa macho, tena laonekana pamoja na kinyume chake.

Ngorongoro ni mahali ambapo binadamu wamejifunza kuwatunza wafu kuliko pengine popote duniani. Tarehe 17 Julai, 1959, Mary Leakey aliliona katika bonde la Olduvai fuvu lililoitwa Zinjanthropus, lenye umri wa karibu miaka milioni moja na robo tatu. Mwaka 1978, huko Laetoli, zilifukuliwa nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano, yapata miaka milioni tatu na nusu na zaidi iliyopita. Nyayo hizo zilifunikwa tena kwa udongo ili zisiharibike, na baadaye wataalamu walirudi kupambana na mizizi ya migunga iliyokuwa ikizitishia. Ukingoni mwa kreta pana mnara wa mawe wa Michael Grzimek, aliyekufa katika ajali ya ndege mwezi Januari 1959, na baba yake Bernhard, aliyefariki mwaka 1987. Magari ya watalii husimama hapo na watu hushuka kusoma maandishi.

Sina ugomvi na mifupa wala na mawe. Fuvu ni letu, nyayo ni zetu, na mgeni aliyeipenda nchi yetu astahili kaburi lenye alama. Ajabu yangu ni hii: kijana wa Karatu aongozaye watalii aujua umri wa nyayo za Laetoli, aujua uzito wa faru, wala hajui bibi yake mzaa mama alizaliwa kijiji gani. Hata jina la Olduvai ni ushahidi wa ugonjwa huo. Neno la Wamasai ni Oldupai, mkonge wa porini umeao bondeni humo. Mgeni alisikia vibaya, akaandika alivyosikia, na kosa lake likazunguka dunia nzima vitabuni, wakati mzee yeyote mwenye ng'ombe zake pale angeweza kulisahihisha kwa pumzi moja.

Sasa teremka nami mpaka Karatu. Pande hizi, kuanzia nyanda za juu mpaka Ziwa Eyasi, zina utajiri wa lugha usio na mfano mwingi barani. Kuna Kiiraqw, cha jamii ya lugha za Kikushi. Kuna Kidatoga na Kimasai, za Kiniloti. Kuna lugha za Kibantu, pamoja na Kiswahili chetu. Na kuna Kihadzabe, lugha yenye sauti za vidoko, ambayo wataalamu hawajapata kuiunganisha kwa hakika na lugha nyingine yoyote. Wairaqw wana utungo uitwao slufay, dua ambayo mzee huitamka mwishoni mwa baraza na watu wakaiitikia, akiomba amani, mvua, uzazi na kuondokewa na mabaya. Mimi niliyezoea vina na mizani nakiri kwamba ushairi huo wanizidi pumzi: picha juu ya picha, na mwitikio wa watu ukiwa kama ngazi ya kupandia. Hazina hiyo imo vifuani mwa watu wenye miaka sabini na themanini. Ni nani awakaliaye chini wakamfundisha?

Huwakalia chini siku wakifa. Nimehudhuria maziko mengi katika wilaya ile, na katika miaka ya karibuni nimeona fahari yake ikikua. Mahema hukodiwa na vipaza sauti hufungwa. Magari hutoka Arusha na Dar es Salaam. Fulana zenye picha ya marehemu huchapishwa, ng'ombe huchinjwa, mpiga picha wa video hutangulia mbele ya jeneza kama mkuu wa gwaride. Kisha husomwa wasifu wa marehemu. Katika msiba mmoja msomaji alitaja mwaka wa kuzaliwa kwa marehemu, na mzee mmoja aliyekaa nyuma kabisa, rafiki yake wa kuchunga pamoja, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mwaka huo marehemu alikuwa amekwisha kuanza kuchunga ndama. Hakuna aliyemwuliza. Hata kipaza sauti hakupewa, kwa sababu wasemaji walipangwa kwa vyeo, na urafiki si cheo.

Wamasai wa zamani watatushangaza hapa. Kwa mila yao ya kale, mtu wa kawaida akifa hakuzikwa kabisa. Maiti ilitolewa nje ikaachiwa fisi, na kaburi lilikuwa la walaiboni na wazee wakubwa tu. Sisemi turudi huko. Lakini tazama ilikokuwa heshima yao: mtoto alimwinamia mzee ili aguswe kichwa, mzee alisikilizwa barazani, aliombwa baraka kabla ya safari na kabla ya sherehe, na watu wa rika moja walishikana tangu ujana mpaka uzee wa mikongojo. Watu waliokuwa karibu hawana mazishi walikuwa na wazee. Sisi tuna mazishi.

Najua nitakayojibiwa. Kwanza nitaambiwa kwamba mazishi huwakutanisha jamaa. Kweli, na mtu asiyekwenda kuzika simtetei. Pili nitaambiwa kwamba kijana aliye mjini hana nauli wala nafasi ya kwenda kumwona mzazi. Hoja hii yajiua yenyewe, maana kijana huyo huyo akipigiwa simu ya msiba saa nne za usiku, alfajiri yumo garini, na ruhusa ya kazi amepata, na mchango ametoa. Fedha ilikuwapo. Nafasi ilikuwapo. Kilichokosekana ni simu ya kifo.

Hoja ya tatu ni nzito kuliko hizo, kwa kuwa imevaa kanzu ya hekima. Watu husema kumsifu mtu machoni pake ni kumharibu, nao huleta methali ya mgema akisifiwa. Wengine huongeza kwamba kumwambia mzee asante kwa maisha yake ni kama kumwonyesha njia ya kaburini. Ewe mwenye methali, mgema huyo alikuwa bado yu kazini. Sifa zilimlevya akalitia tembo maji. Mzee amekwisha kushuka mnazini. Kibuyu chake kimejaa au kimepungua, hakiongezwi maji tena. Sifa zako zitamharibia nini? Na hiyo slufay, je, si baraka zinazotamkwa mbele ya walio hai, wakaziitikia kwa vinywa vyao? Woga huu wa kusema jema mapema hatukurithi kwa wazee wetu, tumeufuga wenyewe. Niliwahi kutunga ubeti huu, na nauweka hapa kwa wapendao kuimba:

Maji mpe yu mzima, hayanyweki kaburini,
Sifa mwambie mapema, zimwingie sikioni,
Mguu wende kwa mama, usingoje msibani,
Shada la maua jema, ni salamu mlangoni.

Wala sisemi juu ya wazazi peke yao. Marafiki nao huzeeka, na rafiki hana mtoto wa kumdai haki yake kwako. Sisi watumishi wa serikali tu wabaya sana katika jambo hili. Mtu hutimiza miaka 60, hufanyiwa karamu, hupewa saa ya ukutani au mabati, husemewa kwamba ofisi itabaki kuwa nyumbani kwake. Baada ya miezi mitatu akija kufuatilia mafao yake hukutwa amekaa katika benchi la wageni, na wale waliokula naye chai miaka ishirini humpita wakiwa na mafaili kwapani. Mwenzio aliyekufundisha kuandika dokezo, aliyekuficha siku uliyochelewa, hadai pensheni kwako. Adai nusu saa.

Katika fasihi yetu ya taifa mfano mwema upo. Shaaban Robert alikwenda Unguja kumsikiliza Siti binti Saad angali hai, akayapata maisha yake kwa kinywa chake mwenyewe. Siti alifariki mwaka 1950, na wasifu ule ndio uliotuachia sauti yake katika maandishi. Na mfano wa kusikitisha ni wa Shaaban Robert mwenyewe: alifariki mwaka 1962, na vitabu vyake Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilichapishwa mwaka 1968. Leo twamwita baba wa fasihi. Aliyeitwa hayupo.

Serikali imefanya sehemu yake kwa kadiri. Tuna Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wazee wote waliotimiza miaka 70. Kila tarehe 1 Oktoba huadhimishwa siku yao. Lakini sera haiwezi kukaa jikoni na bibi yako ikamwuliza habari za ujana wake. Na umbali wazidi. Tangu mwaka 2022 kaya kadhaa za Ngorongoro zimehamia Msomera, wilayani Handeni. Hoja za uhamaji huo zina wasemaji wake, wala si za makala hii. Nataja tu kwamba ndugu waliokuwa wakitembeleana kwa miguu sasa watenganishwa na safari ndefu ya gari.

Ninalotaka ni dogo na lina gharama ndogo kuliko hema moja la msiba. Kila ukoo unaochangishana kwa mazishi utenge sehemu ya mchango huo kwa nauli ya kuwatembelea walio hai. Kila shule ya sekondari ya Karatu iwatume wanafunzi wake, wawili wawili, kwa wazee wa vijiji vyao, wakaandike majina, miaka, nyimbo na slufay kwa lugha zenyewe, na daftari hilo lisomwe mbele ya mzee ili asahihishe. Maafisa utamaduni wasingoje bajeti. Simu waliyo nayo mfukoni hurekodi sauti. Wakati mzuri ni kiangazi, mahindi yakiisha kuvunwa: wazee huwa na nafasi, na barabara ya kushuka Mang'ola hupitika.