Joka la Ng'ambo Tunalijua Jina, Letu Tumelinyamazisha: Mwezi Ujao Tusome Walenisi

Wasee, Jumamosi tunapiga kura ya kitabu cha mwezi ujao na safari hii sinyamazi. Naandika hapa kwa sababu kule kwa grupu nikipitisha mistari mitatu mnanitumia stika ya mzee amesinzia.

Kwa wenye hawajui, tuna klabu ya kusoma vitabu. Tuko watu kumi na wanne, nusu Kitale, nusu Bungoma. Mwezi huu tunakutana huku, mwezi ujao huko, na wanaosafiri wanapanda matatu ya kupitia Kiminini na Kamukuywa mpaka Webuye, halafu wanashika nyingine ya Bungoma. Hatuna ofisi wala mfadhili. Tuna kihoteli ambacho chai yake bado haijapanda bei, na tuna ugonjwa mmoja: tunapenda fantasia. Uchawi, majoka, falme, watu wanapaa.

Kwa kura kuna vitabu vitatu: Fourth Wing cha Rebecca Yarros (2023), A Court of Thorns and Roses cha Sarah J. Maas (2015), na Children of Blood and Bone cha Tomi Adeyemi (2018). Mimi nikaongeza cha nne: Walenisi cha Katama Mkangi (1995). Nikapata vicheko kumi na moja. Nilihesabu. Mmoja wenu akaandika, "Kwani tunarudi Fomu Tatu?"

Sawa. Sasa ni zamu yangu.

Kwanza nikiri, ndiyo msinikirie kwa komenti. Fourth Wing nimeshakisoma. Nilikimaliza usiku mbili kwa simu, bando ikaisha, nikaomba ya jirani. Ni kitabu kitamu na sina ugomvi na Yarros. Na nilikisoma kwa PDF ambayo sisi wote tunajua ilitoka wapi, kwa hivyo asiniambie mtu ati tunachagua vitabu vya nje ili kuwaunga mkono waandishi. Hakuna mwandishi anaonja shilingi yetu.

Ugomvi wangu ni na sisi. Wacha niwakumbushe kitu.

Mnamkumbuka yule mwenzetu fundi wa nguo wa Bungoma? Alikuja mkutano wetu wa kwanza kabisa. Chai ilichelewa, watu wako kwa simu, akauliza kama tunajua hadithi ya Mango na yule nyoka. Akaanza. Hapo zamani Wabukusu hawakuwa wanatahiri. Kulikuwa na joka linaitwa Yabebe, linaishi pangoni, linamaliza watu na mifugo. Mango akawaambia majirani wa Kikalenjin kwamba anataka kutahiriwa kama wao. Wakamcheka: ukitaka kisu, kaue kwanza lile joka. Akaenda. Akaingia pangoni akajificha, joka likarudi, akalikata kichwa. Akarudi kudai kisu chake. Na ndiyo maana mpaka leo, kila Agosti ya mwaka usiogawanyika na kubaki, yaani 2022, 2024, 2026, vijana wanapiga njuga na kuimbiwa Sioyaye huku tukiangalia na kurekodi vidio.

Hakuna mtu alishika simu yake ile dakika kumi na tano. Chai ilikuja ikapoa.

Halafu tulifanya nini? Tulisema "wow", tukafungua kitabu cha kizungu, tukaanza kujadili kwa Kiingereza cha kujionyesha. Fundi akanyamaza. Mkutano wa pili alikuja, akanyamaza. Wa tatu akaja akachukua chai, akasikiza, akaenda. Siku mbili baadaye simu ikaonyesha: amejitoa kwenye grupu. Kuna mtu alimuuliza kwa nini? Mimi sikumuuliza. Nilijua kwa nini. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na najua vizuri ile kukaa mahali ukijua jibu lakini huna lugha ambayo wenzako wameamua ndiyo lugha ya werevu.

Yaani tulikuwa na mtu anayejua kusimulia habari ya muuaji joka wa hapa hapa, tukamfukuza kwa ukimya ili tusome habari ya majoka ya mtu mwingine. Kama hiyo si ushamba, niambieni ushamba ni nini.

Sasa nijibu maneno yenu moja moja.

Mmesema Kiswahili hakina fantasia. Hapa ni kutojua tu, na kutojua si dhambi, dhambi ni kucheka kitu usichokijua. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka wa 1951: nchi nzima iko angani, na mshtakiwa anajitetea kortini kwa kusimulia safari za wajumbe waliotumwa pande zote za ulimwengu. Mwaka wa 1952 akatoa Adili na Nduguze: jini anayejigeuza nyoka, mji ambao watu wake wamegeuka mawe, ndugu wawili wanakuwa manyani kwa sababu ya wivu. Ndiyo, unasikia harufu ya Alfu Lela Ulela mle ndani. Na kwani hao mnaowasoma hawajaazima hadithi za zamani za kwao? Euphrase Kezilahabi aliandika Nagona mwaka wa 1990 na Mzingile mwaka wa 1991, vitabu ambavyo hata ukiwa macho makavu unahisi unaota. Said Ahmed Mohamed, Babu Alipofufuka, 2001: babu anatoka kaburini kumwandama mjukuu aliyelewa mali. Kyallo Wadi Wamitila, Bina-Adamu!, 2002: msafiri anazunguka dunia akimtafuta anayeiharibu, na anayemsaka ni Peter Pan. Peter Pan, wasee! Yule wa katuni, amefanywa jitu linalovuruga ulimwengu. Na bado mnaniambia Kiswahili hakina kitu.

Mmesema Kiswahili cha vitabu ni kigumu. Huyo huyo aliyesema hivyo anajua kutamka Tairneanach. Ni jina la joka la Fourth Wing, herufi kumi na moja, na alitufundisha sote jinsi ya kulitamka, akarudia mpaka tukaweza. Lakini ukimwekea neno "ulitima" anasema ubongo umechoka. Ugumu si wa lugha. Ukitaka kitu unakitafutia njia, na ya Tairneanach mliitafuta.

Mmesema kinanuka mtihani. Hapa nawaelewa, kusema kweli. Wengi wetu riwaya ya Kiswahili ya mwisho kushika ilikuwa ya Karatasi ya Tatu. Hatukuisoma, tuliichinja. Tulitafuta maudhui, tukatafuta mbinu, tukakariri sifa za wahusika, tukafunga kitabu siku ya mtihani na kukipatia mdogo wetu. Kitabu chochote ukikisoma hivyo kinakufa. Hata hicho cha majoka, kiwekewe swali la alama ishirini, muone kama kuna mtu atakipenda. Kwa hivyo dawa ni kukisoma bila mwalimu, bila alama, ukiwa na chai. Na si ndiyo kazi ya klabu?

Na mkumbuke tuko wapi. Ken Walibora, yule wa Siku Njema (1996), alizaliwa pande za Bungoma akakulia Cherangany, hapa Trans Nzoia. Alifariki Aprili 2020, na nchi nzima ya wapenzi wa Kiswahili ikalia. Si mwandishi wa fantasia, lakini aliyaona matope haya haya tunayoyakanyaga na akaamini yanatosha kuingia kitabuni. Sisi hatuamini.

Halafu kuna dada yangu mmoja, ulinitumia ujumbe kando, kwa heshima, ukasema tuchague Children of Blood and Bone kwa sababu angalau ni ya Kiafrika. Nakuheshimu kwa hilo, na kitabu ni kizuri. Lakini angalia Adeyemi alifanya nini. Ni Mmarekani wa asili ya Nigeria, na alipotaka uchawi wa kitabu chake alirudi kwa miungu ya Wayoruba, kwa orisha. Alirudi kwa nyanya yake. Sisi tukimfuata kweli, tunafaa kurudi kwa nyanya zetu, si kwenda kukaa jikoni kwa nyanya yake na kusema tumefika nyumbani. Tuna Masaba hapa, huo mlima ramani inauita Elgon. Ndani yake kuna pango la Kitum ambapo ndovu huingia usiku, gizani kabisa, wakichokoa kuta kwa pembe ili walambe chumvi. Hiyo hata si hadithi, ni kweli. Ingekuwa kwenye kitabu cha ng'ambo mngeichora tatuu.

Sasa kwa nini Walenisi na si kingine kwenye orodha yangu?

Kwa sababu ya aliyekiandika na alichokiona. Katama Mkangi alikuwa mhadhiri wa sosholojia, mtu wa Pwani. Mwaka wa 1986 serikali ya Moi ilimkamata ikamweka kizuizini bila kesi, wakati wa ule msako wa Mwakenya. Alipotoka, baada ya miaka akaandika habari ya Dzombo, mtu anayehukumiwa kifo, anatiwa kwenye chombo na kurushwa angani akafie huko. Hafi. Anatua sayari nyingine, ambako watu wamepanga maisha yao tofauti kabisa na kule alikotoka. Jina la sayari ni Walenisi. Lisome polepole. Wale ni sisi.

Sisi ni kizazi kilichokuwa barabarani Juni 2024. Kuna wenzetu hawakurudi nyumbani. Tangu hapo kila tukikaa, tunajua kusema tusichokitaka, lakini mtu akiuliza nchi tunayoitaka inafananaje, meza inakuwa kimya. Mkangi alitoka kizuizini na kulijaribu swali hilo kwa fantasia. Si lazima tukubaliane na jibu lake. Kuna kurasa anahubiri, nawaambia mapema, wahusika wanaeleza sana kuliko kutenda. Mje mumpinge. Mimi pia nina sehemu za kumpinga. Lakini ningependa tubishane juu ya nchi yetu kupitia sayari yake kuliko kubishana nani anamfaa Violet.

La mwisho ni nakala. Ndiyo, hazishikiki kirahisi. Duka la kwanza nililoingia mjini lilikuwa na vitabu vya kiada, Biblia na madaftari, basi. Nimepata nakala mbili za mtumba, karatasi zimekuwa manjano, moja ina jina la mwanafunzi wa zamani kwa kalamu nyekundu. Moja itakaa Kitale, nyingine itaenda Bungoma. Kila upande usome kwa sauti Jumamosi jioni, kwa zamu, sura mbili tatu, halafu mwisho wa mwezi tukutane wote. Hakuna bando, hakuna PDF ya wizi. Mmoja anasoma, wengine wanasikiza. Hivyo ndivyo hadithi zilifanya kazi kabla hatujaambiwa ni za watoto, na hivyo ndivyo fundi alitushika dakika kumi na tano bila slaidi hata moja.

Sisemi tuache vitabu vya nje. Mwezi wa kumi na mbili tusome majoka ya Yarros, mimi mwenyewe nitaleta mandazi. Nasema kwa miezi yote ambayo tumekutana, hatujasoma cha Kiswahili hata kimoja, na tunajiita klabu ya Kitale na Bungoma. Kwa lugha ipi? Kwa mlima upi?

Jana nilimtumia fundi ujumbe. Nikamwomba msamaha kwa kunyamaza, nikamwambia huenda mwezi ujao tukasoma riwaya ya Kiswahili, na kwamba tungependa afungue kikao kwa ile ya Mango, safari hii mpaka mwisho. Alijibu usiku, baada ya kufunga duka, swali moja tu: "Mtasoma kweli, ama ni ile yenu ya siku zote?"

Sijamjibu. Nilishindwa kuapa kwa niaba ya watu kumi na wanne.

Jumamosi saa nane, kihoteli chetu cha siku zote. Mimi kura yangu mnaijua. Mje na yenu, halafu nimjibu.