Sifa Si Kinga

Ipo desturi iliyozoeleka kila yanapozuka maradhi ya kuambukiza: waganga na wauguzi huitwa mashujaa, wakafananishwa na askari walio mstari wa mbele. Sifa hiyo ni njema, wala hapana mwenye haki ya kuwanyima. Lakini askari hapelekwi vitani kwa nyimbo. Hupewa silaha, hufundishwa kuitumia, na huambiwa adui yuko wapi. Amirijeshi ampelekaye askari mikono mitupu, kisha akamwita shujaa aangukapo, hakumheshimu. Amelifunika kosa lake mwenyewe kwa sanda ya mwenziwe.

Mstari wa mbele uko wapi? Wengi hudhani uko Dodoma au Dar es Salaam, penye mikutano na maabara kubwa. La, hasha. Uko mahali kama Ihanja, katika Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida, nchi ya Wanyaturu, walimao mtama, uwele na alizeti. Mahali hapo si mbali na barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Singida, ipitwayo na mabasi na malori yaendayo Mwanza, Kagera, Rwanda na Burundi. Maradhi nayo husafiri kwa nauli hiyo hiyo. Mgonjwa wa homa ashukapo katika kijiji cha namna hiyo hapokelewi na bingwa. Hupokelewa na tabibu au muuguzi. Ana homa, kichwa chamuuma, anatapika. Dalili hizo ni za malaria, ni za homa ya matumbo, na katika siku za mwanzo ni za Marburg pia. Basi saa ya kwanza ya janga imo mikononi mwa mtu huyo mmoja, na mikono hiyo ama ina glavu ama haina.

Ushahidi uko Kagera. Tarehe 21 Machi 2023 Serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg katika Wilaya ya Bukoba. Ulipokwisha, tarehe 2 Juni, wagonjwa 9 walikuwa wamehesabiwa na 6 kati yao wamekufa. Wawili katika wagonjwa hao walikuwa watumishi wa afya waliowauguza wengine, na mmoja wao alifariki. Januari 2025 ugonjwa ulirudi katika mkoa huo huo, huko Biharamulo, ukaua watu 10.

Watetezi watasema kwamba mara zote mbili moto ulizimwa upesi, kwa hiyo nchi iko tayari. Ni kweli kwamba ulizimwa, na waliouzima wastahili shukrani. Lakini ushindi huo huhesabiwa tangu siku ugonjwa ulipopewa jina. Yule mtumishi wa Bukoba alikuwa amekwisha kufa jina lilipotangazwa. Utayari uanzao baada ya maziko ni utayari wa nani?

Tena jina lenyewe huchelewa kutolewa. Mwaka 2020, wagonjwa wa Korona walipofika 509, hesabu zilikoma kutangazwa Mei, na zaidi ya mwaka ukapita kabla hazijarudi. Januari 2025 ilikanushwa kwanza kwamba Marburg ipo, kisha tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan akaitangaza. Wenye mamlaka huogopa kutia watu hofu. Lakini amfichaye tabibu habari za adui hamwondolei hofu, amemwondolea ngao.

Wala isidhaniwe kwamba elimu peke yake yatosha. Marburg ilijulikana kwa mara ya kwanza mwaka 1967 ilipowapata wafanyakazi wa maabara huko Ujerumani na Yugoslavia, watu waliosoma. Mwaka 2000, huko Gulu nchini Uganda, Daktari Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor aliitambua Ebola mapema, akatoa taarifa, akawaongoza wauguzi wake. Naye alifariki kwa Ebola hiyo hiyo tarehe 5 Desemba, baada ya kuwazika wenziwe kadhaa. Ikiwa bingwa aliyemjua adui alianguka, itakuwaje kwa tabibu wa kijijini asiyeambiwa neno?

Maneno matupu hayavunji mfupa. Utayari una viungo vinavyohesabika: maji na sabuni penye kila kitanda, glavu na barakoa zisizokwisha katikati ya mwezi, chumba cha kumtenga mgonjwa wa mashaka, mafunzo yarudiwayo mahali pa kazi, si semina moja ya mjini, sampuli ipelekwayo upesi na jibu lirudilo upesi, na ruhusa ya kutoa taarifa ya jambo la kutia shaka pasipo kuogopa kuadhibiwa. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachohitaji ushujaa. Vyahitaji fedha, utaratibu na ukweli, navyo ni wajibu wa wasifuo, si wa wasifiwao.

Siku muuguzi wa Ihanja atakaponawa kwa maji ya bomba, akavaa glavu mpya, akapiga simu na kujibiwa, hatakuwa na haja ya kuitwa shujaa. Atamaliza zamu yake, na jioni atarudi kwa watoto wake.