UCHAMBUZI: Safu ya tatu yageuka silaha ya mabingwa wa hoki ya barafu

FAINALI ya Kombe la Stanley ya mwaka 2025 iliacha takwimu moja ya kushangaza. Connor McDavid na Leon Draisaitl wa Edmonton Oilers walimaliza mechi za mtoano wakiwa na pointi 33 kila mmoja, lakini kombe lilikwenda kwa Florida Panthers, timu ambayo hakuna mchezaji wake hata mmoja aliyevuka pointi 23.

Jibu la kitendawili hicho lilikuwa katika safu ya tatu ya Florida. Brad Marchand alipata pointi 20, Eetu Luostarinen 19 na Anton Lundell 18. Marchand, aliyechukuliwa kutoka Boston Machi 2025, alifunga mabao 6 katika fainali pekee, likiwamo la muda wa nyongeza wa pili lililoamua mechi ya pili.

Katika hoki ya barafu, kila timu huwa na safu nne za washambuliaji watatu watatu, ambazo hupokezana uwanjani kila baada ya muda usiozidi dakika moja hivi. Bao moja humpa pointi mfungaji, na pia wachezaji wasiozidi wawili waliotoa pasi zilizolizaa. Nyota wa safu ya kwanza hucheza dakika 20 au zaidi, na ndio hupewa nafasi pale mpinzani anapokuwa na mchezaji aliyetolewa kwa adhabu. Wa safu ya tatu huambulia kinachobaki. Hivyo, kuwalinganisha kwa pointi tupu bila kuangalia dakika walizopewa ni sawa na kuwadhulumu.

Pittsburgh Penguins walilithibitisha hilo mwaka 2016. Evgeni Malkin alipoumia mwezi Machi, kocha Mike Sullivan aliwaunganisha Carl Hagelin, Nick Bonino na Phil Kessel. Katika mechi 24 za mtoano watatu hao walikusanya pointi 56: Kessel 22, Bonino 18, Hagelin 16. Nahodha Sidney Crosby, aliyetunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa mtoano, alikuwa na 19.

Hapa ndipo penye utata. Kessel hakuwa mchezaji wa akiba kwa kipimo chochote kile; alikuwa mfungaji mwenye jina na mshahara mnono, kama alivyokuwa Marchand miaka tisa baadaye. Kuwaita "safu ya tatu" ni kutaja nafasi yao katika orodha ya kocha, si uwezo wao. Mpinzani aliyewapeleka walinzi wake bora kwa Crosby na Malkin alijikuta akimwachia Kessel walinzi wa daraja la chini. Faida ilizaliwa na mgawanyo huo zaidi ya kipaji kipya.

Tampa Bay Lightning walikwenda njia nyingine. Februari 2020 waliwanunua Blake Coleman kutoka New Jersey na Barclay Goodrow kutoka San Jose, wakitoa haki ya kuchagua chipukizi wa raundi ya kwanza kwa kila mmoja. Wengi waliiona bei hiyo kuwa ya juu mno kwa washambuliaji wasio nyota. Wakaunganishwa na Yanni Gourde, na katika mtoano wa mwaka huo watatu hao walipata pointi 35 katika mechi 25. Nikita Kucherov peke yake alikuwa na 34.

Kwa hesabu hiyo, safu ya Tampa ni dhaifu mbele ya zile za Pittsburgh na Florida. Lakini kazi yake ilikuwa tofauti. Ilitumwa kuwakaba nyota wa wapinzani, mara nyingi ikianzia karibu na lango lake yenyewe, na bao lililopatikana katika mazingira hayo lilikuwa na uzito wake. Mwaka 2021, mechi ya saba ya nusu fainali dhidi ya New York Islanders iliamuliwa kwa bao moja tu. Lilifungwa na Gourde, Tampa ikiwa pungufu ya mchezaji mmoja.

Tatizo ni kwamba thamani ya wachezaji hao hupanda upesi, ilhali kikomo cha mishahara hakimsubiri mtu. Baada ya ubingwa wa pili mfululizo, Tampa iliwapoteza wote watatu katika majira yale yale ya joto ya 2021: Gourde alichukuliwa na timu mpya ya Seattle, Coleman akaenda Calgary na Goodrow New York Rangers, hao wawili kwa mikataba ya miaka sita.

Machi 2025, Tampa ilimrejesha Gourde pamoja na Oliver Bjorkstrand. Miongoni mwa vilivyotolewa Seattle ni haki mbili za raundi ya kwanza.