Gari Ikimisi, Usikimbilie Koili Nne

Mwenye IST pale Urambo akipeleka gereji gari inayomisi, si ajabu aambiwe anunue koili zote nne, hata kama iliyokufa ni moja. Hiyo ni kubahatisha kwa pesa ya mwenzio.

Kupima hakuhitaji mashine. Zima injini, chomoa soketi ya koili moja, washa. Mlio usipobadilika, silinda hiyo ndiyo inayomisi. Zima tena, acha ipoe, fungua bolti kwa spana namba 10, ubadilishane koili hiyo na ya jirani yake. Misi ikihama, koili ni mbovu. Ikibaki palepale, anza na plagi.

Wanaualimu wenzangu, hii ndiyo transfoma tunayoikariri: volti 12 za betri zinapanda hadi maelfu ili plagi itoe cheche. Kwa nini mwanafunzi asubiri maabara wakati gari la mwalimu liko nje, chini ya mwembe? Mwalimu wa fizikia asihitimu bila kuijua kazi hii. Koili iliyokufa nayo isitupwe, ni zana ya kufundishia.

Mafundi wanaopima hawatakosa kazi. Watakaokosa ni wabahatishaji.