Wafuasi Wako Si Wako

Habari za biashara ya mtandao zinazoandikwa kwa Kiswahili zina kipimo kimoja kikubwa: wafuasi. Ukurasa fulani umefikisha milioni moja, chaneli fulani ya YouTube imeipita nyingine, mtangazaji fulani ameacha redio kwa sababu Instagram yake ina watu wengi kuliko redio yenyewe. Namba hizo hutajwa kana kwamba ni mali ya yule anayezitaja. Toleo hili, linalohusu uchumi wa habari mtandaoni, limeandaliwa kwa mtazamo mwingine. Tunadai kwamba chombo cha habari kisichoweza kumfikia msomaji wake pasipo idhini ya kampuni nyingine hakina wasomaji. Kina kibali cha muda cha kuonekana. Kwa hiyo kila habari ya biashara hii, iwe ni kampuni kununuliwa, programu kuzinduliwa au kodi mpya kutangazwa, tunapendekeza isomwe kwa swali moja: baada ya hayo yote, anwani ya msomaji imebaki mkononi mwa nani?

Ushahidi hauko mbali. Kuanzia mwaka 2015 Facebook iliipa video kipaumbele, na wamiliki wengi wa tovuti za habari Marekani wakaamini kwamba zama za maandishi zimekwisha. Septemba 2016 kampuni hiyo ilikiri kuwa wastani wa muda ambao watu hutazama video ulikuwa umekuzwa, kwa makadirio ya asilimia 60 hadi 80, kwa kuwa hesabu haikuwajumuisha waliotazama chini ya sekunde tatu. Hata hivyo, mwaka 2017 tovuti za Vocativ na MTV News ziliwaachisha kazi waandishi ili zijikite kwenye video. Januari 2018 upepo ukageuka tena: Facebook ikatangaza kwamba machapisho ya ndugu na marafiki yatatangulia yale ya vyombo vya habari. Tovuti ya Mic, iliyokuwa imeifuata njia hiyohiyo ya video, ilipunguza sehemu kubwa ya wafanyakazi wake Novemba mwaka huo na ikauzwa. Kisha ikaja Kanada. Juni 2023 nchi hiyo ilipitisha sheria ya kuzitaka kampuni kubwa za mtandao zivilipe vyombo vya habari, na Meta, kampuni mama ya Facebook, ikajibu kwa kuondoa habari zote kwenye Facebook na Instagram kuanzia Agosti. Mwezi huohuo moto wa misitu uliwalazimu wakazi wapatao 20,000 wa Yellowknife kuuhama mji wao, nao hawakuweza kutumiana linki za habari kupitia mitandao hiyo. Hata gazeti lililokuwa limekusanya wafuasi kwa miaka mingi lilijikuta halina wa kumwambia kitu.

Kwetu Afrika Mashariki utegemezi huu ulianzia kwenye bei. Facebook ilianza kupatikana kwa Kiswahili mwaka 2009. Oktoba 2014 mradi wake wa Internet.org, uliokuja kuitwa Free Basics, uliingia Tanzania kwa kushirikiana na Tigo, na mwezi uliofuata ukaingia Kenya kupitia Airtel: mtu akapata Facebook na tovuti chache zilizokubaliwa bila kukatwa bando. Februari 2016 mdhibiti wa mawasiliano wa India alipiga marufuku kutoza bei tofauti kwa maudhui tofauti, na mpango huo ukakoma huko. Kwetu mjadala haukufika mbali, na vifurushi vya mitandao ya kijamii vikazoeleka. Tazama basi kinachotokea kwenye simu ya msomaji. Amenunua kifurushi cha WhatsApp. Kwenye kundi imeletwa linki ya makala ndefu kuhusu bei ya korosho. Anaibonyeza, nayo inampeleka nje ya kifurushi: ukurasa unazunguka bila kufunguka, au salio lake la kawaida linaanza kuliwa. Anarudi kundini na kuandika, "Tuwekee hapa." Mwenye bando la kutosha ananakili makala nzima na kuibandika, bila jina la mwandishi, bila tangazo ambalo lingelipia kazi ile. Kundi zima limesoma, na tovuti imehesabu mgeni mmoja. Atakayesema kwamba wasomaji wetu ni wavivu wa kufungua tovuti hajatazama bei ya bando.

Wapo watakaojibu kwamba afadhali mwenye jukwaa aliye California kuliko mdhibiti aliye mtaa wa pili. Hoja hii ina uzito, hasa Tanzania. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka hata mwenye blogu alipie leseni ya shilingi milioni moja kwa mwaka, na Juni mwaka huo tovuti ambazo hazikuwa na leseni, JamiiForums ikiwa mojawapo, zilisitisha huduma. Ada ilipunguzwa baadaye, lakini ujumbe ulikuwa umefika: kuwa na tovuti yako ni kujiweka mbele ya macho ya wenye mamlaka. Hata hivyo, kujibanza kwenye jukwaa la mwingine hakumkingi mwandishi. Kanuni hizohizo zilizihusu pia televisheni za mtandaoni, zikiwamo zinazorusha vipindi vyake kupitia YouTube. Uganda ilianza Julai 2018 kumtoza kila mtumiaji wa mitandao ya kijamii shilingi 200 za nchi hiyo kwa siku, na Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, ikaifunga Facebook na kuiacha imefungwa kwa miaka. Tanzania ilibana Twitter wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020, na Mei 2025 mtandao huohuo, sasa ukiitwa X, ukafungwa. Watu wote wakikusanyika penye mlango mmoja, anayetaka kuwazuia ana mlango mmoja tu wa kufunga. Mwandishi mwenye orodha yake ya baruapepe na namba za simu hawi salama kwa hilo, ila walau anajua jioni hiyo atawatafuta wasomaji wake kwa njia gani nyingine.

Pingamizi la pili ni la wafanyabiashara: watu wako kwenye majukwaa, na biashara huwafuata watu. Hatupingi. Mwenye fremu Kariakoo hulipa kodi kubwa kwa sababu wateja wanapita pale, na hakuna anayemshauri akajenge duka porini. Ila mzoefu huchukua namba ya kila mteja, ili siku mwenye jengo akipandisha kodi aweze kuhama nao. Katika habari, mfano mzuri ni The Continent, gazeti la kila wiki lililoanzishwa Afrika Kusini Aprili 2020, dunia ikiwa imejifungia kwa korona. Husambazwa kama faili ya PDF kwa WhatsApp, Signal na baruapepe. Halimtaki msomaji abonyeze linki ya kumtoa nje ya kifurushi chake, maana gazeti zima linaingia kwenye simu kwa mara moja. Na msomaji huomba mwenyewe kutumiwa, kwa hiyo anwani yake iko kwa wahariri. Wanaitumia barabara ya mwingine bila kumwachia daftari la wateja. Daftari hilo lina wajibu wake: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na chombo kitakachochezea namba za watu kitastahili kushtakiwa.

Kuhusu pesa, inasemwa kila siku kwamba msomaji wa Kiswahili halipi. Lakini M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na tangu hapo ukanda huu umezoea kulipa kiasi kidogo kwa simu kuliko sehemu nyingi za dunia. Njia ya kulipa ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kumuomba msomaji alipie, na huwezi kumuomba usiyejua aliko. Tupige hesabu ya makadirio tu. Wasomaji 500 wakichanga shilingi 2,000 za Tanzania kwa mwezi, hiyo ni milioni moja kila mwezi, sawa na ada ya leseni ya mwaka mzima ya mwaka 2018. Haiendeshi chumba cha habari cha watu thelathini, lakini inamlipa mwandishi wa habari za kilimo au mahakama anayeijua kazi yake. Ni kweli kwamba wengine hawatafikisha hata hao 500, na kwamba kufungia makala zote nyuma ya malipo kutamwacha nje asiye nacho. Ndiyo maana tunaona wenye uwezo wachangie na maandishi yabaki wazi kwa wote.

Na wale wanaoitegemea serikali izilazimishe kampuni kubwa zilipe, watazame zilikofika nchi zenye nguvu kuliko zetu. Google ilikubali Novemba 2023 kutoa dola za Kanada milioni 100 kwa mwaka, lakini Meta ilichagua kuondoka kwenye habari, na Machi 2024 ilitangaza kwamba haitarefusha mikataba yake na vyombo vya Australia. Kodi ya huduma za kidijitali, iliyoanza Kenya Januari 2021 kwa asilimia 1.5 na Tanzania Julai 2022 kwa asilimia 2, iliwekwa kwa ajili ya hazina ya serikali, si kwa ajili ya chumba cha habari. Kodi ya namna hiyo ni halali, ila haimrudishii mwandishi msomaji wake.

Ombi letu kwa wanaoripoti biashara hii ni wabadili maswali. Chombo kikijitapa kwa mafanikio, kiulizwe kina watu wangapi waliotoa namba au baruapepe zao kwa hiari. Ni sehemu gani ya mapato inatoka kwa wasomaji na watangazaji kinaozungumza nao chenyewe. Na jukwaa lake kubwa likifungwa asubuhi, kitachapisha wapi mchana. Majibu mengi yatakuwa madogo, mengine ya kuaibisha kidogo, na watangazaji waliozoea namba za mamilioni watayadharau. Lakini wasomaji 3,000 wanaofikika kwa uhakika wanaweza kupangiwa bajeti, na mwandishi anaweza kuajiriwa kwa kuwategemea. Wafuasi milioni moja ambao kesho wanaweza kuonyeshwa kitu kingine hawapangiwi chochote, na mhariri anayewategemea ndiye wa kwanza kulijua hilo mwisho wa mwezi.