Nani Aliyekatwa Katika Orodha ya Arusi?

Ugonjwa wa korona ulipoingia nchini mwetu mwaka 2020 ulitulazimisha kuhesabu watu. Tulihesabu waliokaa katika benchi moja, tukahesabu hatua kati ya mtu na mtu, na wale waliokuwa wakiandaa arusi wakajikuta wakihesabu jamaa zao wenyewe, mmoja baada ya mwingine, ili kujua nani aje na nani abaki nyumbani. Katika toleo hili twapenda kulitazama jambo hilo la mwisho. Wapo watakaosema kwamba arusi si suala la haki na amani. Kwamba tushughulikie migogoro ya ardhi, mirathi ya wajane na rushwa, na arusi tuwaachie wenye arusi. Sisi hatuoni hivyo. Mahali ambapo fedha za watu wengi hukusanywa na watu wachache, na ambapo jina la mtu huandikwa au kufutwa pasipo yeye kuulizwa, hapo pana suala la haki, hata kama pamepambwa kwa maua.

Tukumbushane kwanza yaliyotokea. Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya wa wakati ule, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza, msafiri aliyekuwa ametoka Ubelgiji na kushukia Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro. Mgonjwa huyo alikuwa Arusha. Kutoka Arusha hadi Babati ni kama kilomita 170 za lami, na mji wetu umekaa penye njia panda, moja ikielekea Dodoma kupitia Kondoa na nyingine Singida kupitia Katesh. Basi linalopakia abiria Arusha asubuhi hushusha abiria stendi yetu kabla ya chakula cha mchana. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule na kuzuiwa kwa mikusanyiko isiyo ya lazima. Nyumba za ibada hazikufungwa.

Siku hizo zilikuwa za Kwaresima. Kwa desturi, Wakatoliki wanaotaka kuoana hungojea Pasaka, na Pasaka ya mwaka ule iliangukia tarehe 12 Aprili. Kwa hiyo ugonjwa uliwakuta maarusi wengi wakiwa katika maandalizi mazito: kamati zimekwisha keti vikao, kadi za michango zimesambazwa, kumbi zimelipiwa malipo ya awali, vitenge vya sare vimekatwa na vingine viko kwa fundi. Ndipo likatokea jambo ambalo hatujapata kuliona kabla. Kanisa lilikuwa wazi na ukumbi ukawa mashakani. Ndoa iliwezekana, na arusi haikujulikana kama itawezekana.

Nchi jirani zilitoa hesabu za waziwazi. Nchini Uganda, Rais Yoweri Museveni aliwataka wenye arusi waahirishe, na asiyeweza kungoja afunge ndoa pamoja na watu wasiozidi 10. Waganda wenyewe wakaziita sherehe hizo arusi za kisayansi, nusu kwa utii na nusu kwa mzaha. Nchini Kenya, mwezi Julai 2020 Rais Uhuru Kenyatta aliruhusu watu 100 katika arusi na katika mazishi, na mwishoni mwa Septemba idadi ikapandishwa hadi 200. Sisi hapa Babati mzigo wa kuhesabu uliziangukia zaidi kamati zenyewe. Mwenyekiti na mweka hazina waliketi na daftari, wakapunguza. Na kila kamati inapopunguza hufuata kanuni fulani, hata kama haijaitamka.

Kanuni iliyotumika sana, nasi twaisema bila kumtaja mtu, ilikuwa kanuni ya mchango. Aliyetoa kikubwa alibaki, na aliyetoa kidogo akafutwa. Aliyeahidi akawa hajamaliza alifutwa mapema zaidi. Ndivyo alivyobaki mfanyabiashara ambaye bwana arusi amekutana naye mara 2 maishani, na ndivyo alivyofutwa mama mkubwa aliyemlea bibi arusi huko Galapo, kwa sababu mchango wake ulikuwa debe la mahindi na kuku 2, na mahindi hayaandikwi katika safu ya fedha. Jirani aliyekuwa ameahidi kuchota maji na kuosha sufuria hakuwa hata na safu. Msomaji atambue kwamba hatusemi kuwa ugonjwa ndio ulioleta ubaguzi huu. Kwa miaka mingi kadi ya mwaliko katika miji yetu imekuwa risiti ya mchango, tena yenye madaraja: kadi ya mtu mmoja kwa kiasi fulani, kadi ya mume na mke kwa kiasi kikubwa zaidi. Orodha ilipokuwa na watu 300 hatukuuona ubaya wake, maana hata asiyekuwa na kadi alipata pa kusimama karibu na jiko, naye akala. Orodha ilipofika watu 50, jiko lenyewe likahesabiwa.

Twajua kuna hoja upande wa pili, nayo ni nzito. Wazee ndio waliokuwa hatarini kuliko wote. Kumwacha bibi nyumbani kungeweza kuwa tendo la upendo mkubwa, na pengine katika familia nyingi ndivyo ilivyokuwa. Lakini upendo wa namna hiyo huonekana kwa jinsi unavyotendeka. Bibi aliyefuatwa nyumbani kwake siku 3 kabla, akaelezwa kwa lugha anayoielewa, iwe Kiiraqw, Kigorowa au Kirangi, kwamba wajukuu wanamwogopea kifua chake, akaombwa atoe baraka zake palepale uani, huyo alishiriki arusi. Bibi aliyesikia kwa majirani kwamba arusi imepita Jumamosi alifutwa kama alivyofutwa mdeni.

Na hatari yenyewe haikuwa ya kubuni. Tarehe 7 Agosti 2020, katika jimbo la Maine nchini Marekani, ilifanyika arusi ya wageni 55, mahali ambapo sheria iliruhusu watu 50 ndani ya ukumbi. Wachunguzi wa afya walipofuatilia mnyororo wa maambukizi walikuta watu 177 wameugua na 7 wamekufa. Miongoni mwa hao 7 hakuwamo hata mmoja aliyehudhuria arusi. Wengi wao walikuwa wakaazi wa nyumba ya kutunzia wazee iliyoko umbali wa kama kilomita 160, na ugonjwa ulifika hata katika gereza lililoko kama kilomita 320 kutoka ukumbini. Tumeutaja mfano huu wa mbali kwa sababu kwao ulichunguzwa ukaandikwa. Kwetu, tangu Mei 2020 takwimu za taifa ziliacha kutolewa kwa muda wa mwaka mzima na zaidi, hivyo hakuna awezaye kutuambia ni arusi ipi ya Manyara iliyopeleka nini katika kijiji gani. Lakini hebu tufikiri: mtu aliyecheza kwaito katika ukumbi wa Babati usiku wa Jumamosi, Jumapili yuko katika gari la Magugu, na Jumatatu anamnywesha uji baba yake mgonjwa. Aliyekula pilau ni mmoja, na atakayelipa ni mwingine ambaye hata kadi hakupata.

Ndiyo maana tulifarijika, mwanzoni mwa mwaka 2021, Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania lilipotoa waraka tarehe 26 Januari, uliotiwa sahihi na Rais wake, Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga, ukiwatahadharisha waamini kuhusu wimbi jipya la ugonjwa na kuwataka wachukue tahadhari. Wakati ule kulisema jambo hilo hadharani hakukuwa rahisi. Mgeni anayealikwa anayo haki ya kujua anaalikwa wapi: kama kuna ndoo ya maji yenye koki na sabuni mlangoni, kama madirisha yatafunguliwa, kama watu wameketi bega kwa bega. Kumficha ili kiti kisibaki tupu ni kumtumia tu.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo manung'uniko mengi yalipozaliwa na mengine hayajakwisha hadi leo. Tuseme kamati ilikusanya kwa ajili ya watu 300, kisha ikalisha 50. Zilizobaki ni za nani? Zipo kamati zilizoita kikao, zikasoma hesabu, zikawaeleza wachangiaji kwamba kiasi fulani kimepotea katika malipo ya awali na kiasi kilichobaki wapewe maarusi wakaanzie maisha. Watu wakapiga makofi, wakaenda zao. Huo ni uungwana. Lakini zipo pia zilizonyamaza. Fedha zilikuwa zimepitia katika simu ya mtu mmoja, na simu ya mtu mmoja haina mkaguzi. Aliyeuliza aliambiwa ana roho mbaya, kwamba arusi haidaiwi. Kwa maoni yetu mchango wa arusi ni amana. Umetolewa kwa shabaha iliyotajwa, na shabaha inapobadilika mwenye fedha huulizwa. Muuza mbogamboga wa sokoni aliyejinyima shilingi 20,000 hakumpa zawadi mweka hazina.

Upande mwingine wa fedha hizohizo wako watu ambao hakuna kikao kilichowakumbuka. Mpishi aliyekwisha nunua kuni. Wapambaji, mshereheshaji, vijana wa matarumbeta, mama wa keki, fundi aliyeshona sare zisizochukuliwa, akina dada wanaokodisha viti na sahani. Kwao kila arusi iliyoahirishwa ilikuwa mshahara uliofutwa, na wengi walidaiwa warudishe malipo ya awali ambayo yalikuwa yamekwisha geuka kuwa mchele na mafuta. Mara chache sana mapatano yao huandikwa. Aliye na sauti kubwa ndiye aliyeshinda, na mara nyingi hakuwa mpishi.

Yapo, hata hivyo, ambayo ugonjwa ule uliyaweka peupe, nasi tungependa yasifunikwe tena. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa kufungwa, na mashahidi wasiopungua 2. Kanisa Katoliki lataka padre au shemasi mwenye mamlaka na mashahidi 2. Hesabu ya watu wanaohitajika basi ni 5, pamoja na maarusi wenyewe. Watano! Ni wangapi katika mitaa yetu, katika Bagara na Maisaka na kwingineko, wanaoishi pamoja miaka 6 au 10, wana watoto, na ukiwauliza kwa nini hawajafunga ndoa wanajibu kwamba bado wanajipanga? Wanajipanga kwa ajili ya ukumbi. Wanaogopa kuchekwa kwamba walioa bila sherehe. Mama anaendelea kuishi bila cheti, na siku mume akifa ndugu wanakuja kuuliza yeye ni nani katika nyumba ile. Kweli, kifungu cha 160 cha sheria hiyohiyo chawadhania mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka 2 au zaidi, na kujulikana kama mume na mke, kuwa wameoana. Lakini dhana hiyo yaweza kupingwa, na mjane ndiye anayepaswa kuwatafuta mashahidi, akiwa bado kwenye matanga. Cheti kingemwepusha na safari hiyo.

Mwaka 2020 wako waliothubutu. Walikwenda kanisani na watu 10 au 15, wakala chakula nyumbani, wakapiga picha uani, na hakuna aliyewacheka, kwa sababu kila mtu alijua sababu. Ugonjwa uliwapa udhuru ambao umaskini haukuweza kuwapa. Jambo hilo linatuuma. Mtu aliyesema kwamba hana fedha hakueleweka. Aliposema kwamba kuna korona alieleweka mara moja. Na hofu ilipopungua, bajeti zilirudi upesi kuliko barakoa zilivyotoweka: sendofu, kicheni pati, ndafu, magari ya msafara yakizunguka mjini yakipiga honi. Hatuna ugomvi na furaha. Katika arusi ya Kana divai ilikwisha, na haikusemwa kwamba wageni waende makwao na kiu. Ugomvi wetu ni na furaha inayomtoza asiyenacho.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba dharura ya korona imekwisha. Mwaka huohuo homa ya Marburg ilizuka Kagera, na Januari 2025 ikathibitishwa tena mkoani humo, wilayani Biharamulo. Kagera ni mbali na Babati, lakini Ubelgiji ni mbali zaidi. Kamati ya arusi inayoketi leo isidhani kwamba suala la kupunguza watu limepita.

Kwa hiyo tunazishauri jumuiya zetu ziyaamue mambo haya katika kikao cha kwanza, kabla ya shilingi ya kwanza kupokelewa, wakati hakuna aliyekasirika. Iandikwe katika daftari kwamba fedha zilizobaki zitafanyiwa nini, na fedha zipokelewe na watu 2, hesabu isomwe mbele ya wachangiaji wote ndani ya mwezi mmoja baada ya arusi. Mapatano na mpishi na wapambaji yaandikwe, yakieleza nani anabeba hasara arusi ikiahirishwa. Na orodha ya watu 20 wa mwisho, wale watakaobaki hata kama serikali ikisema 20 tu, iandikwe na maarusi wenyewe na wazazi wao, bila kamati kuwamo na bila daftari la michango kuwa mezani. Watakaoachwa waendewe nyumbani kwao kabla ya siku yenyewe, na siku yenyewe wapelekewe chakula kwanza, kingali moto, kabla meza ya wageni haijaandaliwa.