Nyoka wa Syokimau na Mnyama wa Ufunuo: Dhidi ya Usomaji wa Mlinganyo

1. Utangulizi

Makala haya yanashughulikia kosa moja la usomaji, na yanadai kuwa kosa hilo ni letu sisi walimu wa fasihi kabla ya kuwa la wahubiri. Mwaka 2019, serikali ya Kenya ilipowataka wananchi wajiandikishe ili wapewe Huduma Namba, wapo waliokataa wakishikilia kuwa namba hiyo ndiyo alama ya mnyama inayotajwa katika sura ya 13 ya Kitabu cha Ufunuo. Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili, mzaliwa wa Kitui, alitusimulia katika semina jinsi shangazi yake alivyojifungia nyumbani siku waandikishaji walipofika kijijini. Semina nzima ilicheka, nami nilicheka. Kisha mwanafunzi yule akauliza: "Mwalimu, shangazi amekosea wapi? Ametaja ishara, akatoa maana yake. Si ndivyo tunavyofundishwa hapa?" Kicheko kilikwisha. Makala haya ni jibu nililoshindwa kulitoa siku ile.

2. Nyoka ni reli tu?

Ni nadra kumpata mtu aliyelelewa Ukambani ambaye hajasikia habari za Syokimau, nabii wa kike anayesimuliwa kuwa aliona nyoka mrefu akitambaa kutoka maji hadi maji huku akitoa moshi, pamoja na watu wa rangi ngeni waliobeba moto mifukoni. Tunafundishwa tangu utotoni kwamba nyoka ni reli na moto ni kiberiti. Ishara moja, maana moja, na hapo mjadala hufungwa.

Lakini tuzingatie wakati ambapo nyoka huyo alipewa jina la reli. Reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria ilijengwa kati ya mwaka 1896 na 1901, ikapita Kibwezi na Makindu, katika nchi ambayo leo ni Makueni. Watu walioiona ikijengwa walikuwa wamekwisha kupoteza ng'ombe wao kwa sotoka katika muongo uo huo; na mnamo 1898 na 1899 wakapatwa na ile njaa inayokumbukwa kwa jina la Ngomanisye, iliyoenea kila mahali, na ndui ikaandamana nayo. Baadaye ikaja kodi. Kwa watu hao, nyoka hakuweza kuwa chombo cha usafiri tu. Alikuwa umbo lililobeba njaa, maradhi, ugeni na kupotea kwa mamlaka juu ya ardhi yao wenyewe. Tunaposema "nyoka ni reli" na kunyamaza, hatufasiri ishara, bali tunaipora mzigo wake. Isitoshe, tunamzoesha msomaji kuamini kuwa unabii ni kitendawili chenye jibu moja linalosubiri kuwasili. Aliyekwisha kufundishwa kuwa nyoka wa Syokimau alikuwa kitu kimoja cha chuma atakosaje kumtafuta mnyama wa Yohana katika kitu kimoja cha plastiki?

3. Kosa la wakati au kosa la usomaji?

Aliyelichunguza suala hili kwa kina ni John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui. Katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu eskatolojia ya Agano Jipya katika mazingira ya Kiafrika, aliutathmini ujumbe wa Africa Inland Mission, ambayo ilifungua kituo chake cha kwanza Nzaui, Makueni, mwaka 1895. Mbiti alionyesha kwamba moto, mji, hazina, machozi na karamu, ambazo ni lugha ya ishara katika Agano Jipya, zilipokewa na waumini wengi wa Ukambani kama maelezo ya vitu halisi. Katika hilo yu sahihi, nasi tuna deni kwake.

Hitilafu yetu naye inahusu sababu. Mbiti aliiweka katika dhana ya wakati: alidai kuwa Mkamba kwa jadi ana Zamani ndefu na Sasa pana, lakini hana wakati ujao ulio mbali, hivyo lugha ya siku za mwisho haikupata mahali pa kukaa. Mwanafalsafa Kwame Gyekye alikwisha kuipinga nadharia hiyo mwaka 1987 akitumia ushahidi wa Waakan. Sisi hatuhitaji kwenda Ghana. Jamii inayoenzi nabii aliyeona yajayo haiwezi kuambiwa kwamba haina yajayo. Kilichokosekana ni malezi ya usomaji. Wamisionari walileta maandishi yaliyojaa taswira wakayafundisha kama orodha ya matukio. Shule nayo ikaichukua hazina ya masimulizi simulizi ikaifundisha vivyo hivyo.

4. Matini yenyewe yanasemaje?

La ajabu ni kwamba Kitabu cha Ufunuo chenyewe kinakataa usomaji wa mlinganyo. Katika sura ya 5, Yohana anaambiwa habari za Simba, lakini anapotazama anamwona Mwanakondoo. Mnyama wa sura ya 13 ameunganishwa kwa viungo vya chui, dubu na simba, yaani wanyama wa maono ya Danieli wamekusanywa katika mwili mmoja. Sura ya 17 ndiyo inayotufunga midomo zaidi: vichwa saba vya mnyama vinafasiriwa papo hapo kuwa milima saba, na pia kuwa wafalme saba. Ishara moja imepewa maana mbili na mwandishi mwenyewe. Hata ile namba 666 husomeka 616 katika baadhi ya nakala za kale.

Hatupati taabu kukubali uwingi wa maana tunapomhakiki Kezilahabi. Nani kati yetu angethubutu kuandika kwamba duara katika Nagona (1990) ni kitu fulani, na basi? Angechekwa. Kwa nini basi uhuru huo tumnyime msomaji wa Ufunuo kule Mwingi au Wote?

5. Pingamizi mbili

Patakuwa na watakaosema kwamba Biblia si fasihi, na kwamba tuwaachie wanatheolojia kazi yao. Jibu letu ni kwamba jazanda haibadilishi maumbile yake inapoingia kanisani.

Wengine watasema kwamba tukiiacha maana wazi, kila mtu atajitungia yake. La hasha. Matini huweka mipaka. Katika sura ya 13, alama imefungamanishwa na mambo mawili: ibada, na ruhusa ya kununua na kuuza. Swali linaloulizwa, kwa hiyo, ni hili: nani anadai usujudiwe ndipo ule? Katika Kitui na Makueni, ambako mvua hukosekana mara kwa mara na watu hupanga foleni kungojea mwolyo, swali hilo si la mbinguni. Linamhusu kila mwenye kushika orodha ya majina na kutaka utiifu kabla ya kutoa gunia. Shangazi aliyeiogopa kadi aliogopa kitu kisicho na pembe. Huenda wenye pembe walikuwa wakipita mlangoni pake kila msimu wa kampeni, na hakuna aliyemfundisha kuwatambua.

6. Hitimisho

Tangu Aprili 2023, miili zaidi ya 400 imefukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ya watu ambao inadaiwa walihimizwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Sidai kwamba maswali ya mitihani yetu yaliwaua. Ninachodai ni kwamba taifa ambalo wasomaji wake wamefunzwa kuuliza "hiki ni nini?" pasipo kuuliza "hiki kinafanya nini hapa, na kwa nani?" limeacha mlango wazi kwa yeyote ajaye na jibu la uhakika. Mimi mwenyewe nimetunga kwa miaka mingi swali la "taja ishara tano na ueleze maana ya kila moja". Sitalitunga tena, na ninawaomba wenzangu wa idara waniunge mkono.